Gari Lenye Macho

Benchi letu ni kiti cha nyuma cha basi lililokufa zamani. Limekalishwa juu ya matofali nje ya yadi ya Mzee Ukungu, na kwa kuwa mimi ndiye niliyelishona upya mara mbili, nakaa upande wenye springi nzima na hakuna wa kunihoji. Mimi ni fundi viti vya magari. Wananiita Sindano, na cherehani ilishanila ncha ya kidole cha mwisho mkono wa kulia, kwa hiyo hilo jina nimelilipia. Pembeni yangu hukaa Pancha, mziba matairi, mwenye viganja vipana ajabu kwa kung'oa tairi tangu ujana. Anayemfuata ni Betri, fundi umeme. Asubuhi hawaki mpaka asukumwe, akishawaka hazimiki. Mama Birika ana stuli yake, jiko lake la mkaa na birika lake la kahawa, na ndiye pekee kati yetu anayejua methali inapokaa. Mzee Ukungu mwenyewe huwa hakai benchini. Jioni ile alikuwa ndani ya yadi, amesimama mbele ya gari dogo la bluu alilolipuliza rangi mchana, mikono nyuma, hasemi. Miaka thelathini na moja anapuliza magari rangi. Ukungu wa bunduki yake ya kupulizia rangi ndio uliompa jina, na sasa huo ukungu umemjaa kifuani. Daktari alimwambia acha. Akasema ataacha akishamaliza hili moja, ampelekee binti yake, mwendo wa siku mbili kutoka hapa, na akae naye huko moja kwa moja. Hii ilikuwa mara ya tatu analipuliza, na mara ya tatu rangi inakataa.

Betri: Limetoa macho tena?

Pancha: Limetoa.

Betri: Mengi?

Pancha: Sijaenda kuangalia. Nimeuona mgongo wake tu, ukanitosha.

Macho ya samaki, ndivyo mafundi rangi wanavyoyaita. Ni vitundu vya mviringo. Rangi inakimbia katikati na kujikusanya pembeni, chini unaiona praima, ile rangi ya msingi, inakuchungulia. Hayafutiki. Unasubiri yakauke, unashika msasa, unaanza upya. Mara ya kwanza yalitokea kwenye mlango wa kushoto. Mara ya pili kwenye paa. Sasa boneti. Na kila mara Mzee Ukungu hulipiga msasa gari zima, si pale palipoharibika tu, kwa sababu anasema rangi ya juzi na ya leo hazisalimiani.

Mama Birika: Si mwende mkamtazame? Mtu yuko hatua kumi, mnamjadili kama yuko ng'ambo.

Betri: Tukienda atatufukuza, mama. Unaijua sheria yake.

Mama Birika: Sheria ni kabla ya kupuliza. Sasa keshapuliza.

Hakuna aliyenyanyuka. Pancha alinyoosha kikombe kuongezewa. Mimi niliangalia kiatu changu.

Sheria yenyewe tunaijua kama majina ya mama zetu. Wakati wa kupiga msasa, mkono unaruhusiwa, tena unatakiwa. Mzee Ukungu akishajaza puti kwenye bonde la ajali na kulisawazisha, hufumba macho, akalipitishia kiganja bati lote polepole, maana anasema kiganja kinaona bonde ambalo jicho linaliruka. Anapiga praima, anapiga msasa wa maji, anapitisha kiganja tena. Halafu anaosha, anakausha, anafuta kwa dawa ya kuondoa mafuta, kitambaa kimoja kibichi na kimoja kikavu, na mwisho kile kitambaa cha kunata kinachookota vumbi. Kuanzia hapo mkono ni mwizi. Hata wa kwake. Mafuta ya ngozi tu yanatosha kuifukuza rangi. Betri aliwahi kuegemeza kiwiko kwenye mlango wa gari la mteja, akakimbizwa mpaka kona ya pili kwa mpira wa kompresa, ile mashine ya upepo.

Betri: Mimi nawaambieni ni maji. Kompresa ikichemka inatoka jasho. Jasho linapita kwenye mpira, linafika kwenye bunduki. Ndiyo maana wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki.

Mama Birika: Hiyo ni ya majuto, Betri. Si ya kompresa.

Betri: Kompresa haijuti?

Pancha: Wewe, kompresa ni yangu mimi! Kila asubuhi nafungua koki ya chini, tangi linakojoa mpaka tone la mwisho, nafunga. Upepo wangu mkavu kuliko midomo yako.

Betri: Sijasema wako una kasoro. Nimesema una jasho.

Pancha: Basi mimi nasema ni bunduki. Ameiweka vibaya. Upepo mwingi, rangi kidogo.

Hapo ikabidi niseme, maana bunduki niliiona kwa macho yangu.

—Hapana, Pancha. Bunduki aliiweka sawa. Nilikuwa pale nashona.

Na kweli nilikuwa pale. Alibandika kadibodi ukutani, akaanza na zile koki tatu: ya rangi, ya upana, ya upepo. Alibonyeza mara moja, kadibodi ikatoka doa kama karanga yenye punje mbili, nene juu na chini, kati nyembamba. Upepo umezidi. Akaupunguza robo ya mzunguko, akabonyeza tena. Mara ya nne doa likatoka kama yai refu, sawa kuanzia juu mpaka chini, bila kudondosha. Akapima shibiri moja kutoka mdomo wa bunduki mpaka ukutani, akaitikia kwa kichwa peke yake. Kisha akapita gari zima kwa mwendo mmoja, mkono unakwenda sambamba na bati, kifundo hakipindi, kila mstari unakula nusu ya ule wa kwanza. Nilisahau kushona.

Betri: Shibiri?

—Shibiri moja. Siku zote.

Betri: Basi tatizo ndilo hilo! Mtu akizeeka anasinyaa. Mifupa inarudi ndani. Shibiri yake ya mwaka juzi si ya mwaka huu. Anadhani yuko mbali, kumbe yuko karibu.

Mama Birika: Mnamzika mtu bado anapumua.

Akasema hivyo, na kikohozi kikatoka yadini. Kirefu, cha kukwangua, kinachokatika halafu kinarudi kutafuta kilichosahau. Mama Birika alipepea mkaa mpaka kikaisha. Kisha Betri akaanza tena, kwa sauti kubwa zaidi kuliko mwanzo, nasi tukamshukuru kimoyomoyo.

Betri: Sikilizeni. Mimi ni mtu wa umeme. Bati likisuguliwa sana na msasa linapata chaji. Rangi nayo ikitoka kwenye bunduki ina chaji yake. Zikikutana zinafukuzana. Pale zinapofukuzana, jicho.

Pancha: Magari yote yanapigwa msasa, Betri. Mbona haya mengine hayafukuzani?

Betri: Hili limesuguliwa mara tatu. Limejaa. Ukiweka taa hapo kwenye bampa itawaka.

Pancha: Haya. Mimi sasa nitawaambia kitu, msinicheke. Haya magari madogo bati lake linatoka wapi?

—Kiwandani.

Pancha: Kiwandani wanalitoa wapi? Wanayeyusha vyuma chakavu. Na chakavu nyingi duniani ni nini? Makopo. Makopo ya samaki! Sasa wewe unashangaa lina macho ya samaki? Bati linakumbuka!

Mama Birika alicheka mpaka kahawa ikamwagikia mkaa, moshi ukapanda. Hata mimi nilicheka. Ilikuwa vizuri kucheka. Tangu Mzee Ukungu aseme anaondoka, kijiwe kilikuwa kama nyumba yenye mgonjwa, mnaongea mambo mengine yote isipokuwa lile.

Betri: Samaki mkunje angali mbichi. Yaani jicho likitokea, ulifute hapohapo rangi ikiwa mbichi.

Mama Birika: Ee Mola wangu. Hiyo ni ya kulea watoto!

Betri: Na rangi hailelewi?

Pancha: Mimi nadhani ni jicho kweli. La mtu. Kuna mtu analihusudu hili gari.

Mama Birika: Gari lenyewe lilikuwa mkweche, Mzee Ukungu kaliokota limepinda ubavu. Nani alihusudu mkweche?

Pancha: Si gari. Safari. Kuna mtu anaihusudu safari ya mzee.

Betri akadakia upesi.

Betri: Au ni nguo! Ovaroli yake ile inatoa nyuzi. Nyuzi zinaangukia rangi. Mtu anatafuta adui kwenye kompresa, kumbe wahenga walishasema, kikulacho ki nguoni mwako.

Alisema kwa kucheka, akingoja Mama Birika amsahihishe kama kawaida. Mama Birika hakumsahihisha. Alichukua koleo akapanga mkaa ambao haukuhitaji kupangwa. Betri mwenyewe akasikia alichokisema, kicheko kikamwishia usoni, akainama kwenye kikombe. Pancha aliweka mikono chini ya mapaja. Nakumbuka nilijiuliza, huyu naye ana nini.

Mzee Ukungu akatoka. Alikuwa amevua barakoa, imemwachia alama puani na mashavuni, na kope zake zilikuwa na vumbi la bluu. Alipokea kikombe akiwa wima.

—Kaa basi, mzee, nikamwambia.

Mzee Ukungu: Nikikaa sitanyanyuka. Mnabishana nini leo?

Pancha: Makopo ya samaki.

Mzee Ukungu: Hm. Nilisikia ya shibiri.

Betri akajikunja.

Mzee Ukungu: Kesho naanza msasa upya. Boneti kwanza.

Mama Birika: Mzee wangu, nenda tu nalo hivyohivyo. Binti yako anakutaka wewe, hataki boneti.

Mzee Ukungu: Mkono mtupu haulambwi, mama. Yule mtoto anatembea kwa miguu kwenda kufundisha, saa nzima kwenda, saa nzima kurudi. Mimi nimepaka rangi magari ya watu wote wa mji huu, yeye sijampa hata baiskeli. Nimpelekee gari la ndui?

Pancha: Amepiga simu tena?

Mzee Ukungu: Jana. Kaniuliza lini. Nikamwambia wiki ijayo.

Pancha: Si ndiyo ulimwambia na wiki ile?

Mzee Ukungu: Ni ileile. Haijafika tu.

Alikohoa tena, safari hii mbele yetu, akashikilia nguzo ya geti kwa mkono mmoja na mkono wa pili ukiwa umekinyoosha kikombe mbali ili kahawa isimwagike. Sijui kwa nini kile kikombe ndicho kilichoniumiza. Kifua kinapasuka na bado mtu anachunga kahawa ya Mama Birika.

Ndipo yule mwanamke akatokea upande wa barabara. Kijana wa miaka thelathini na kitu, viatu vya vumbi, begi moja begani. Alisimama mbele yetu kidogo, akitutazama kama mtu anayelinganisha sura na maelezo.

—Shikamooni.

Tukaitikia. Mzee Ukungu aligeuka, na kikombe kile alichokuwa amekichunga kikamponyoka.

Mzee Ukungu: Mama! Umekuja lini? Mbona hukusema?

Binti: Ningesema, ungeniambia nije wiki ijayo.

Alimkumbatia baba yake, vumbi la bluu likamwingia kwenye blauzi, hakujali. Kisha akatugeukia. Huu ndio ukweli, ningependa angekuwa na maneno makali tangu mwanzo. Hakuwa nayo.

Binti: Ngojeni. Huyu ni Mjomba Betri. Kabla hajasema kitu nimemjua. Na Mjomba Pancha, mikono hiyo. Shangazi wa kahawa. Na wewe ni Mjomba Sindano, uliyemshonea baba mto wa kulalia mgongo ulipomsumbua. Kila akinipigia simu ni nyinyi tu. Nikimuuliza umekula, ananijibu Betri kasema hivi. Nikimuuliza umelala, Pancha kafanya vile. Nyumbani kwangu watoto wa jirani wanawajua.

Betri alijikohoza. Mama Birika akainamisha birika kumtilia mgeni, likatoa matone matatu na machicha. Akaomba radhi, akasema ataweka maji mengine. Hakuyaweka.

Binti: Gari ndilo hili?

Mzee Ukungu: Bado halijawa tayari. Usiliangalie bado.

Lakini alikuwa ameshaingia. Jua la jioni lilikuwa linaingia yadini kwa ubavu, chini chini, lile jua ambalo mafundi rangi hulipenda na kuliogopa kwa sababu halifichi kitu. Alizunguka gari polepole. Aligusa kioo tu. Alipofika mbele aliinama juu ya boneti, akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule.

Tulikuwa tumesimama getini sote, kwa mara ya kwanza tangu mchana.

Binti: Baba, nyinyi mnaita haya macho?

Mzee Ukungu: Macho ya samaki. Mafuta yakiingia—

Binti: Mimi nafundisha watoto wadogo. Ukuta wa darasa langu umejaa hivi. Wanachovya kwenye rangi, wanagandamiza ukutani, naandika jina chini.

Akanyoosha kidole bila kugusa, akafuata hewani. Nasi tukaona, maana sasa ilikuwa haiwezekani kutoona. Vitundu havikutawanyika ovyo. Vilikuwa na rundo moja pana, na juu ya rundo mistari mitano.

Binti: Hiki ni kiganja. Cha nani?

Swali hilo tu. Mtoto wa darasa lake angeweza kulijibu.

Hofu yangu ya kwanza ilikuwa ni changu. Kisha nikahesabu vidole. Vilikuwa vitano, vizima vyote, na changu kingekuwa na vinne na nusu. Kwa hiyo hakikuwa changu. Changu kilikuwa kile cha paa, mara ya pili.

Nitasema ilivyokuwa. Siku ile Mzee Ukungu alikuwa amemaliza kufuta gari lote, ameingia ndani kukoroga rangi na kuichuja. Mimi nilikuwa napaka viti vya mteja mafuta ya ngozi, mikono yote inateleza. Alikuwa ameniambia asubuhi, Sindano, Jumamosi naondoka. Nikasema heri, mzee. Nikashona mshono mzima bila uzi kwenye sindano. Mimi ni fundi viti, na nyumbani kwangu nina kiti kimoja. Nikitoka hapa jioni sisemi neno mpaka nirudi hapa asubuhi. Nilinyanyuka kwenda kunywa maji, nikapita kwenye gari, nikaweka mkono juu ya paa. Nilijidanganya kwamba naliaga. Lakini mtu anayeaga haachi mkono palepale mpaka ahesabu kumi. Nilijua ninachofanya. Nilijipatia wiki mbili zaidi za kijiwe, na yeye nikampa wiki mbili zaidi za vumbi na ukungu kifuani, na usiku ule nililala vizuri. Hilo ndilo silisahau, kwamba nililala.

Na wiki zote hizo nilidhani niko peke yangu. Mara ya kwanza na ya tatu nilizihesabu bahati mbaya, au labda Mungu alinisaidia.

Niligeuza macho. Pancha alikuwa ameficha mikono yake mipana nyuma ya mgongo, kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. Betri alikuwa ameikunja yake kwapani, zile kucha zake zisizotoka grisi ya vichwa vya betri. Aliniangalia, akaangalia mkono wangu wenye kidole kifupi, ambao bila kujua nilikuwa nimeutia mfukoni. Tukajuana sote watatu hapohapo. Kompresa, chaji, makopo, jicho la hasidi. Kila mmoja alikuwa anajenga ukuta mbele ya mlango wake.

Binti: Sijaelewa kwa nini hakuna anayejibu.

Mzee Ukungu: Ni changu, mama.

Alilisema upesi mno.

Mzee Ukungu: Uzee. Nilishafuta, nikasahau, nikagusa.

Binti hakubisha. Aliushika mkono wa baba yake kwa kifundo, akaupeleka juu ya ile alama, bila kuugandamiza. Vidole vya mzee vilikuwa vyembamba, vimekauka kwa dawa za rangi. Alama ikabaki imeuzunguka pande zote, kama kiatu cha mtu mwingine.

Aliurudisha mkono taratibu. Kisha akatugeukia, hakuinua sauti.

Binti: Wajomba zangu, mnajua daktari alimwambia nini?

Betri, ambaye ana jibu la kila kitu tangu umeme mpaka mwisho wa dunia, aligeukia ukuta. Pancha alilia. Mtu mkubwa vile, alilia kimya huku ameangalia chini. Mama Birika alijifunika mdomo kwa kanga, na nikaona kwamba hata yeye hakushangaa sana.

Mzee Ukungu ndiye aliyesogea kwanza. Alitupita getini, akatembea mpaka kwenye benchi, akakaa. Alikaa upande wangu, kwenye springi nzima. Miaka yote ile sikuwahi kumwona amekaa pale. Alionekana mdogo.

Mzee Ukungu: Naweni mikono.

Hatukusogea.

Mzee Ukungu: Sabuni iko kwenye ndoo, glavu ziko msumarini. Pancha, kesho asubuhi utapiga msasa wa maji. Boneti kwanza, halafu gari zima, na usilalie sehemu moja. Betri, utafuta. Kitambaa kibichi, kitambaa kikavu, cha kunata mwisho, na usiegemee chochote. Sindano utashika bunduki.

—Mzee, mimi ni fundi viti.

Mzee Ukungu: Una mkono unaokwenda mstari ulionyooka. Mengine nitakuelekeza kutoka hapa. Upepo unavuma kule, ukungu hautanifikia.

Betri: Mzee...

Mzee Ukungu: Mlango wa kushoto ulinuka grisi, Betri. Mimi ni fundi rangi, pua ndiyo iliyonilisha. Na paa lilikuwa na kidole kifupi. Nimesoma mabati kwa kiganja miaka thelathini na moja. Mlidhani viganja vyenu vitanishinda kusoma?

Betri: Ulijua? Tangu ile ya kwanza? Sasa kwa nini hukusema, mzee wangu, ukawa unajimaliza tu?

Aliliangalia birika tupu la Mama Birika, kisha barabara, kisha sisi.

Mzee Ukungu: Ningesema, ningeondoka.

Binti yake alikaa karibu naye na kumwekea begi lake mgongoni, aegemee.

Tulinawa. Niliosha mikono kwa sabuni mara tatu, mpaka ile ngozi ya kidole kifupi ikakunjamana, na bado nilihisi mafuta.

Kesho yake tulifanya kama alivyosema. Pancha alisugua nusu siku bila kusema neno moja la makopo. Betri alifuta gari lile kama anafuta uso wa mtoto mchanga, anashika pumzi kila akiinama. Mimi nilibandika kadibodi. Doa la kwanza likatoka karanga.

—Upepo! sauti ikaja kutoka benchini. Robo!

Nikapunguza. Likatoka yai.

—Shibiri moja, Sindano!

Nikapima.

—Ongeza kidogo! Yako ina upungufu!

Nilimsikia binti yake akicheka, na Mama Birika pia, na mzee mwenyewe akicheka mpaka akakohoa. Nilivaa barakoa yake. Ilikuwa na harufu ya rangi na ya kahawa. Nikabonyeza, nikaenda mstari ulionyooka, kifundo hakipindi, kila mstari unakula nusu ya ule wa kwanza, na bluu ikatanda mlangoni, ikatanda juu ya paa, ikatanda kwenye boneti, imelowa na kung'aa.

Nilizima bunduki, nikangoja ukungu utue. Nilizunguka gari lile mara mbili, nimeinama, natafuta jicho, hata moja, hata dogo. Halikuwepo.